Ukialikwa uzinduzi wa duka la mitindo Masaki

Wapendwa, ukialikwa uzinduzi wa duka la nguo Masaki au Oysterbay, achana na satini. Joto la Dar, hasa Desemba hadi Machi, ni kali, na satini huonyesha kila tone la jasho kwenye picha. Kitenge cha pamba kinapumua. Kinunue Kariakoo mapema, ukifue kwanza ndipo umpelekee fundi, kwani pamba ikiguswa na maji hurudi, na gauni lililokukaa vizuri leo litakubana kesho. Fundi mwambie unalitaka siku tatu kabla ya shughuli, upate nafasi ya kurekebisha kiuno na pindo.

Kula nyumbani kabla ya kutoka. Ukitokea Posta, pita Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022. Linakutoa hadi Coco Beach. Viatu virefu vibebe kwenye mfuko, uvivae ukifika.

Ukimwona mbunifu, msalimie, muulize kitambaa katoa wapi na nani kashona. Wengi wanafurahi sana kuulizwa hivyo, na mimi naona ndiyo raha yenyewe ya kwenda. Ukipenda nguo, ijaribu kwanza, hata kama kuna punguzo la usiku huo tu.