Ubao, kadi na kikomo: kuipunguzia timu ndogo uchovu wa kazi

Somo hili ni la timu za watu wanne hadi wanane, kama zile za miradi ya maji au afya ya jamii huku Kisumu, Siaya na Homa Bay. Mbinu zenyewe za kupanga kazi zinaitwa ajaili (kwa Kiingereza, agile), jina lililotolewa mwaka 2001 na watengenezaji programu 17 waliokutana Utah, Marekani. Kati ya kanuni zao 12, moja inataka kazi iende kwa mwendo ambao watu wanaweza kuudumisha siku zote. Hiyo ndiyo husahaulika kwanza: ubao unabandikwa, vikao vinafanyika, watu wanaendelea kubeba ripoti nyumbani.

1. Toeni kazi vichwani. Dakika 20, kadi moja kazi moja, na kadi isizidi siku mbili. "Ripoti ya robo mwaka" si kadi. Ikateni: kukusanya fomu za Ahero, kuingiza takwimu, kulinganisha risiti na vocha, kuandika maelezo. Andikeni pia kazi zisizoonekana, kama kujibu WhatsApp za vikundi na kuwapokea wageni wa mfadhili.

2. Choreni safu nne kwenye manila: Inangoja, Inafanywa, Imekwama, Imekwisha. Kadi iliyokwama iandikwe inamsubiri nani na tangu lini.

3. Wekeni kikomo cha kadi zinazoshikwa kwa wakati mmoja. Hapa ndipo penye dawa. Bila kikomo ubao ni pambo la ukuta. Anzeni na kadi mbili kwa mtu, yaani kumi kwa timu ya watu watano. Tazameni hesabu: kadi 30 zikiwa mikononi na timu inamaliza 10 kwa wiki, kila kadi hukaa wastani wa wiki tatu. Zikiwa 10, hukaa wiki moja, na hakuna aliyekesha. Zilizokwama zihesabiwe ndani ya kikomo, la sivyo safu hiyo hugeuka stoo ya kufichia kazi. Ubao ukijaa na mkurugenzi ana jambo jipya, yeye ndiye achague kadi ya kurudishwa kwenye Inangoja. Mambo huharibika anapompigia mtu simu pembeni: kazi inafanywa, ubaoni haipo, na anayeifanya anaonekana mzembe.

4. Pangeni wiki mbili mbili. Watu watano kwa siku 10 ni siku 50. Ondoeni likizo, kisha mpange asilimia 70 tu ya zilizobaki. Nyingine zitaliwa na mafuriko ya Nyando, gari bovu au mkaguzi wa hesabu. Kila asubuhi simameni mbele ya ubao, dakika zisizidi 15.

5. Pimeni nguvu. Mwisho wa wiki mbili kila mtu aandike kwa siri namba 1 hadi 5: amebakiwa na nguvu kiasi gani? Wastani ukishuka chini ya 3 mara mbili mfululizo, punguzeni kikomo kabla ya kujadili lolote lingine.

Maswali ya wanachama

*Bondo: Mfadhili wetu kila kitu anakitaka kesho. Tufanyeje?*
Wekeni nafasi moja ya kadi nyekundu, yaani ya dharura. Moja tu, ya pili ingoje ya kwanza iishe. Mkiruhusu tatu, baada ya mwezi ubao mzima utakuwa mwekundu.

*Nyalenda: Wenzetu wa nyanjani hawafiki ofisini.*
Pigeni picha ya ubao saa mbili asubuhi muitume kwenye kikundi, nao wajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika moja. Ikifika saa kumi na moja jioni, kazi mpya isitumwe humo.

*Kakamega: Bosi ameanza kuhesabu nani kamaliza kadi ngapi.*
Mwombeni aache mapema. Watu watakata kadi vipande vidogo ili wahesabiwe nyingi, na hakuna atakayemsaidia aliyekwama. Futeni majina kwenye Imekwisha, mhesabu jumla ya timu.

*Kakamega tena: Na akikataa?*
Basi mpelekeeni kura za nguvu za mizunguko miwili, bila majina, pamoja na orodha ya kadi zilizokwama zikisubiri sahihi yake.