Hemea birika la fedha kabla ya kulipigania mnadani
Siku ya kukagua bidhaa, omba birika la fedha la Uingereza ulishike mwenyewe, picha haitoshi. Tafuta mihuri: simba anayetembea ni fedha ya asilimia 92.5, nanga ni alama kwamba fedha ilipimwa Birmingham, kichwa cha chui ni kwamba ilipimwa London. Ukikuta EPNS, hiyo ni aloi ya shaba na nikeli iliyopakwa fedha tu, na bei yake ni nyingine kabisa.

Kisha hemea penye mihuri, pumzi ya joto kama ya kusafishia miwani. Ukungu ukitanda, lehemu hujitenga na fedha kwa rangi. Ukiona mstari umeizunguka mihuri kama fremu, weka chini: yaelekea kipande kilikatwa kwenye chombo kingine kikapachikwa hapo. Bonyeza pia ubavu taratibu kwa kidole gumba. Pakibonyea, huenda nembo ya familia ilikwanguliwa na fedha ikabaki nyembamba.

Vinara vya mishumaa usivithamini kwa uzito, maana vingi vimejazwa lami au plasta kwenye kitako. Na unapojiwekea kikomo, hesabu ada ya mnunuzi inayoongezwa juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho dalali anapogonga nyundo.