Kabla hujakileta kibuzi nyumbani kukilea kwa chupa, panga haya kwanza

Wengi tunaanza kulea watoto wa mbuzi bila kupanga. Mama kafa usiku, au kazaa watatu na maziwa hayatoshi, au kuna mmoja kamkataa anampiga kichwa kila akisogea kunyonya, basi unajikuta umekibeba kibuzi mkononi kimelowa na ndo kwanza unaanza kuulizia chupa iko wapi. Saa hiyo umeshachelewa. Naandika nikiwa na uchungu kidogo maana wa kwanza kabisa nilimpoteza hivyo hivyo, hakuwa na ugonjwa wowote, ni vitu tu havikuwepo na mimi sikujua kipi kinaanza.

Cha kwanza ni dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku ya kwanza. Mtoto wa mbuzi anazaliwa hana kinga, kinga yake yote ya mwanzo inaingia kupitia dang'a, na utumbo wake unaipokea kwa muda mfupi sana, masaa 6 ya mwanzo ndo mazuri kabisa, ikishafika kama masaa 24 utumbo umeshajifunga na hata umpe chupa nzima upande wa kinga hapati kitu. Hesabu ni asilimia 10 ya uzito wake ndani ya hiyo siku moja, yaani wa kilo 3 anywe kama mililita 300, sio kwa mkupuo, gawa mara 4 au 5, na ya kwanza iingie ndani ya saa moja au mbili toka azaliwe. Sasa kama mama kafa utaitoa wapi? Kwenye friza. Mbuzi mwingine mzima akizaa na anazo za ziada mkamue kidogo, weka kwenye vichupa vidogo vidogo, andika tarehe, gandisha, zinakaa hata mwaka. Siku ya kuzitumia weka kichupa kwenye maji ya uvuguvugu iyeyuke taratibu, usichemshe wala usiingize kwenye maikrowevu, moto mkali unaua ile kinga na dang'a yenyewe inashikana kama uji. Ukikosa kabisa ya mbuzi, ya ng'ombe inasaidia. Ila angalia unachukua kwa mbuzi gani, kuna ugonjwa wa virusi wa mbuzi unaovimbisha magoti ambao unapita kwenye dang'a na maziwa, mbuzi mwenye magoti yaliyovimba usimkamue kwa kazi hii.

La pili ni joto, na hapa ndo nilipokosea mimi. Kile kibuzi nilikikuta alfajiri kimelala ubavu, nikaingiza kidole mdomoni, ulimi ulikuwa wa baridi kabisa na hakufunga mdomo kunyonya kidole. Mimi nikawaza ana njaa, nikapasha maziwa haraka nikammiminia kidogo kidogo kwa pembeni ya mdomo. Kibuzi kikipoa tumbo linasimama, maziwa yanakaa tu hayasagiki, na kwa kuwa hana nguvu ya kumeza mengine yanapita njia ya hewa yanaingia kwenye mapafu. Hakufika mchana. Kwa hiyo shika hili, mdomo ukiwa wa baridi mpashe mwili kwanza, maziwa baadaye. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38.5 hadi 39.5, nunua kipimajoto kile cha kupimia huko nyuma, akiwa chini ya 37 usimpe kitu mdomoni mpaka apande. Andaa mataulo makavu ya kutosha, sugua mpaka manyoya yasimame, weka chupa za maji moto zilizofungwa na kitambaa pembeni yake. Kama unatumia taa ya joto ifunge kwa mnyororo, mbali na nyasi kavu, na isiwe mahali anaweza kuruka akaigusa maana taa hizi zinachoma mabanda.

Chupa nayo ina mambo yake. Chuchu iwe laini, na kabla hujaitumia igeuze juu chini uone, maziwa yadondoke tone kwa tone, yakimwagika tundu ni kubwa na atapaliwa. Wakati wa kunyonya asimame kwa miguu yake minne, shingo imeinuka kidogo kama vile yuko chini ya mama yake. Usimlaze chali kwenye mapaja kama mtoto mchanga, najua inapendeza ila ni hatari. Akisimama vile na kunyonya mwenyewe kuna mfereji unajifunga ndani, maziwa yanaruka lile tumbo kubwa la nyasi na kwenda moja kwa moja kwenye tumbo la nne linalosaga maziwa. Utajua mambo yako sawa ukiona kimkia kinatikisika haraka haraka. Akimaliza pitisha mkono chini ya mbavu, tumbo liwe limejaa vizuri ila sio gumu kama ngoma.

Maziwa chagua aina moja na ubaki nayo, ya mbuzi ni bora, ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta yanafaa, ya unga yawe yale ya wanambuzi au wanakondoo na changanya kama pakiti inavyosema. Kubadilisha ghafla kunaleta kuharisha. Kwa siku ni kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, wiki ya kwanza mara 4 au 5, baadaye mara 3, mwisho mara 2, na yawe na joto la mwili. Atalia anataka zaidi, kila siku atalia, na wengi wanaua kwa huruma hapo, wanaongeza na kuongeza mpaka anaharisha. Mpime uzito kila wiki na hesabu ndo ikuongoze.

Kuna swali moja watu hawajiulizi, nani atakuwepo nyumbani? Hii ni kazi ya wiki 8 hadi 12, na siku za mwanzo unaamka usiku. Kama wote mnaondoka asubuhi na kurudi jioni bora umtafutie mtu mwingine wa kumlea. Halafu usilee mmoja peke yake kama unaweza kupata wa pili, mbuzi ni mnyama wa kundi, akiwa peke yake analia mpaka sauti inakauka.

Banda liwe kavu kuliko kitu kingine chochote. Kuanzia kama wiki ya 3 kuna kuharisha kunakoletwa na vijidudu vya koksidia, wanavipata kwenye kinyesi na unyevu, kinyesi kinakuwa cheusi au kina damu na hapo ni daktari wa mifugo sio dawa ya kubahatisha. Namba yake iwe kwenye simu kabla. Iodini ya kuchovya kitovu mara tu anapozaliwa, chumvi chumvi za kurudisha maji mwilini, na ratiba ya chanjo ya pepopunda muulize yeye yeye.

Wiki ya kwanza hiyo hiyo weka nyasi kavu laini na maji safi, atachezea tu mwanzoni lakini ndivyo tumbo la kucheua linavyokua. Na zunguka eneo lako uondoe kamba, mifuko ya plastiki, majani ya mparachichi na maua ya oleanda, vyote hivyo atavionja.

Kama ni dume fikiria zaidi. Dume aliyelelewa kwa chupa anakuona wewe ni mbuzi mwenzie, leo anakusukuma goti kwa kichwa mnacheka, mwaka kesho ana pembe na uzito wa kumwangusha mtu mzima. Usimzoeshe kabisa huo mchezo, amua mapema kama atahasiwa, na akifika miezi 3 mtenge na majike maana anaweza kupandisha akiwa bado mdogo hivyo.

Halafu fanya jaribio kabla hajaja. Amka saa nane usiku, pasha maziwa, osha chupa, jaza, tembea mpaka bandani, hesabu dakika. Mimi mara ya kwanza ilinichukua karibu nusu saa, nyingi zilikwenda kwenye kusubiri maji yachemke, toka hapo maji ya moto yanalala kwenye chupa ya chai pembeni ya kitanda.