SOMO: PostgreSQL (programu ya databesi) ikisema faili halipo, usiristati seva

Wakuu, nimechoka kupigiwa simu usiku za "could not open file base/16384/24601: No such file or directory", naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

1. Soma logi, kopi jina la faili lilivyo (hapa chini natumia 24601, wewe weka namba yako).

2. Piga df -h, inaonyesha diski zilizomauntiwa na nafasi iliyobaki. Seva ikiwaka bila kumaunti diski ya data, folda linaonekana tupu wakati data ipo salama. Maunti, usikimbilie initdb (amri ya kuanzisha databesi tupu).

3. USIZIME, USIRISTATI. Hapa niliumia. Diski ilijaa, mtu akasafisha akafuta na faili la databesi, mimi nikaristati nikijua itajirekebisha, jedwali la malipo likaenda moja kwa moja. Kwenye Linux faili likifutwa huku programu imelishika, data bado ipo mpaka programu iachie, kwa hiyo niliiachia kwa mkono wangu. Simamisha app zinazoandika, halafu sudo lsof +L1 | grep 24601 (inatafuta faili lililofutwa ila bado limeshikwa), utapata PID (namba ya programu) na FD (namba ya faili lililoshikwa), mfano 45u, chukua 45 tu bila herufi, kisha sudo cp /proc/PID/fd/45 uweke diski NYINGINE. Kopi inaweza kuwa na upungufu maana mabadiliko mengine bado yako kwenye memori, ila ni bora mara mia kuliko kukosa vyote.

4. Ingia databesi husika: SELECT pg_filenode_relation(0, 24601); itakuambia faili ni la nini. Ikileta indeksi (orodha ya kutafutia ndani ya jedwali), piga REINDEX iijenge upya, umemaliza. Ikileta jedwali, ndo bakapu au ile kopi.

MASWALI

– Mkuu nimesharistati, nifanyeje?
Hatua ya 3 ipo kwa herufi kubwa. Rudisha bakapu.

– Sina bakapu.
Basi usiguse kitu, kopi folda lote la data kwanza ndo urudi hapa.

– Mimi nilifuta pg_xlog nikidhani ni logi za kawaida.
Mmefanya hivyo wengi, ndo maana toleo la 10 mwaka 2017 likabadili jina likawa pg_wal. Ile ndo kumbukumbu ya mabadiliko yenyewe. Amri ya kuifuta na kuanza upya, pg_resetwal (kwenye matoleo ya pg_xlog inaitwa pg_resetxlog), iwe ya mwisho kabisa, tena juu ya kopi, ikiwaka toa data yote kwa pg_dump ujenge databesi mpya.

– Kaka, naona pia 24601.1, ni nini? Na naweza kuchomoa faili moja tu kwenye bakapu ya mwezi jana?
Swali zuri dada. Jedwali likipita GB 1 Postgres inalikata vipande, .1, .2, kwa hiyo hatua ya 3 tafuta vyote. Kuchomoa faili moja hapana, amri kama VACUUM FULL au TRUNCATE inabadili namba ya faili, na hata namba ikiwa ileile yaliyomo hayataendana na mengine. Rudisha bakapu nzima pembeni, toa jedwali hilo kwa pg_dump -t.

– Sasa diski ilijaa kwa nini?
Angalia pg_replication_slots. Slot (alama ya replika imefika wapi kusoma) ya replika, yaani seva ya nakala, iliyokufa zamani inashikilia WAL (zile faili za pg_wal) zisifutwe, kama huitumii tena idrop, nafasi inarudi yenyewe baada ya checkpoint, yaani Postgres ikishaandika mabadiliko ya memori kwenye diski.