Namna ya kuingiza enformatiki ndani ya masomo ya kila siku, hata kama shule iko mbali na kuran (umeme)

Bandugu balimu ba Kabare, Walungu, Kalehe, Idjwi na kwingine mbali na Bukavu, oreri ilishajaa, batoto banafinyana kwa banki na kuran hakuna, basi musiongeze somo mupya. Kamata somo yenye ulishatayarisha, ingiza ndani yake akili ya enformatiki: kupanga hatua, kugawanya tatizo, kutafuta kosa.

Minapenda kuanzia jeografia. Inchi yetu ya Kongo (RDC) iko na provinsi 26 tangu 2015, Kinshasa ndani. Ziandike kwa tablo kwa kufuata alfabeti, toka Bas-Uélé mpaka Tshuapa. Mutoto mumoja achague moja kwa siri na aiandike kwa karatasi, bengine baulize maswali ya ndiyo ao hapana tu. Mwanzoni batakisia ovyo, ni Ituri? ni Maniema? na unabaacha kwanza bajaribu, kisha unabaonyesha kukata liste katikati: "Iko kati ya Bas-Uélé na Kwilu?" Hata jibu ikuwe nini, zinabaki 13, kisha 7 ao 6, kisha 4 ao 3, kisha 2 ao 1, mwisho 1. Maswali 5 inatosha kila mara! Ordinateri njo vile inatafuta jina ndani ya liste yenye ilishapangwa, na liste ya majina 1000 inaomba maswali 10 tu. Halafu futa tablo, andika zile provinsi zote bila mupango, uliza Lualaba iko wapi, macho itazunguka tablo yote na batoto beneye bataelewa juu ya nini tunapanga. Na provinsi bamezishika, bila kukariri kama wimbo.

Kwa Kifaransa (ao Kiswahili kwa kalasi za chini) baandike hatua za kupika bugali, wewe ukuwe ordinateri, ufanye paka yenye imeandikwa. Bameandika "weka unga" bila kusema wapi? Mwaga chini. Tumia muchanga, unga ni chakula ya watu. Batarudi kwa kaye kusahihisha, na kule kutafuta kosa njo kazi kubwa ya mutu mwenye anaandika programu.

Hesabu: kata karto tano, andika 16, 8, 4, 2, 1. Kwa kufungua zingine na kufunika zingine unapata kila namba toka 0 mpaka 31, mufano 19 ni 16 na 2 na 1. Karto ya wazi njo 1, ya kufunikwa njo 0. Ndani ya telefone namba, picha na sauti zote zinawekwa kwa 1 na 0 vile vile. Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, kilitoa michezo mingi ya namna hii, ni ya bure kwa intaneti, ukishuka Bukavu uprintishe.

Siansi: mvua inarudia Septemba pamoja na masomo, pima kila asubui ndani ya chupa yenye imekatwa, baandike kwa tableau, mwisho wa mwezi bachore grafiki.

Kama uko na telefone moja ya Android, pakua OctoStudio, aplikasio ya kutunga programu yenye ilitoka MIT (chuo kikuu cha Amerika), ukiwa mujini, ni bure na kisha inatumika bila intaneti, batoto bapokezane kwa kikundi.

Kwa fishi ya preparasio, andika kwanza lengo ya jeografia ao ya hesabu kama kawaida, juu ispekteri ataangalia ile, na muchezo uuweke kwa sehemu ya metode.