Konokono aliyekomaa utamjua kwa ukingo wa gamba

Ukifuga konokono wa bustani kwa ajili ya kula, usidanganywe na ukubwa. Pitisha kidole kwenye ukingo wa mdomo wa gamba. Ukiwa mwembamba na unabonyea, huyo bado anakua, mrudishe. Ukishageuka nje kidogo na kuwa mgumu, amekomaa.

Udongo nao una kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kila konokono ana viungo vya kiume na vya kike, hivyo wawili wakijamiiana, wote wanaweza kutaga. Huchimba kishimo cha sentimita 3 hivi na kufukia humo mayai meupe, mara nyingi 80 au zaidi. Basi weka udongo laini wenye unyevu, kina kisipungue sentimita 5, na usiufukuefukue (najua hamu ya kuchungulia!). Mayai huanguliwa baada ya wiki 2 hadi 4; baridi huchelewesha. Vitoto hutoka tayari na gamba, ila laini mno, na mlo wao wa kwanza ni ganda la yai walilotokea. Kwa hiyo maganda ya mayai ya kuku yaliyosagwa yawepo tangu siku hiyo.