Somo: Mionzi ya tezi dume bila kuumiza tumbo (soma kabla ya kuuliza)

Swali la jinsi ya kulinda tumbo wakati wa mionzi ya tezi dume linarudi kila wiki, kwa hiyo naliandika mara moja. Wanaoanza mionzi hospitali ya Mulago, Kampala, someni.

1. Siku ya skani ya kupangia (picha ya kupangia mionzi itapita wapi), andika ulikunywa maji kiasi gani na ulingoja dakika ngapi.

2. Nenda choo kikubwa kabla ya mionzi. Kikigoma siku mbili, mwambie musawo (mhudumu wa afya).

3. Maji. Hapa ndipo wengi huharibu. Kibofu kikijaa husukuma utumbo mwembamba juu, nje ya njia ya mionzi. Puru (mwisho wa utumbo mpana) ikiwa tupu, tezi haisukumwi mbele. Mashine inafuata picha ya siku ya skani, basi kazi yako ni kurudia hali ileile kila siku. Kojoa, kunywa kipimo ulichopewa, mara nyingi karibu nusu lita, kisha ngoja muda ulioambiwa. USINYWE ukiwa kwenye boda. Ukikuta foleni utabanwa, utakojoa, na kazi inaanza upya. Ulizia kwanza zamu yako. Wala usiongeze lita nzima kwa ushujaa: kibofu kilichozidi cha siku ya skani nacho kinavuruga vipimo.

4. Gesi: punguza maharage, kabichi, soda. Matoke, wali na samaki havina shida.

5. Ukiharisha (huanza wiki ya pili au ya tatu), pakiti moja ya ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) kwa lita moja ya maji safi. Loperamidi (dawa ya kuzuia kuharisha) kwa idhini ya daktari tu. Homa au damu nyingi: hospitali, si hapa.

MASWALI

— Ninywe maji kiasi gani?
Hatua ya 3.

— Mzee anaharisha, nimempa Flagyl (dawa ya kuua vijidudu) ya dukani. Sawa?
Hapana. Ukuta wa utumbo umechomwa na mionzi, si lazima kuna mdudu. Mwambie daktari wake leo, na umtajie dawa hiyo.

— Ssebo (bwana), mbona wengine hutoka damu mwaka mzima baada ya kumaliza?
Swali zuri. Mionzi hudhoofisha mishipa midogo ya puru polepole, na ile mipya inayoota juu ni laini, hupasuka choo kikiwa kigumu. Damu ichunguzwe hata hivyo, maana inaweza kuwa na sababu nyingine. Anayekupima kwa kamera lazima ajue ulipata mionzi: kukata kipande kidogo cha nyama cha kupima kwenye ukuta wa mbele wa puru kunaweza kuacha kidonda kisichopona, hata tundu.

— Ngozi ya huko nyuma inawaka.
Kalia beseni la maji vuguvugu dakika 10, jikaushe polepole kwa kugusagusa na kitambaa, usisugue.

— Nyongeza: chupa ya maji ya Rwenzori ya nusu lita ndiyo kipimo changu.
Sawa, kama ndicho ulichopewa. Na beba suruali ya pili.